Nyumba ya nyoka kwa joto la huku kwetu Kusini, usimpike wala usimpoteze

Ukisoma maelekezo mengi ya kufuga nyoka utaona karibu yote yanaanza na jambo moja, namna ya kumpasha joto. Balbu ya wati kadhaa, hita ya chini, jiwe la umeme, sijui nini. Walioandika wako Uingereza au Ujerumani huko, mtu anaamka barafu iko dirishani, kwa hiyo wana haki. Sasa wewe uko Mikindani, huku Mtwara, mwezi wa kumi na mbili, saa nane mchana, bati linalia kwa joto, shati limekuganda mgongoni, na bado unataka kumwashia nyoka balbu ya wati 100? Hapo humpashi, unampika. Mi nilishampika mmoja ndo maana naandika.

Ilikuwa hivi. Kuna jamaa alikuwa anahama akaniachia tangi lake la kioo la samaki, nikaona bonge la bahati, nyumba ya nyoka bure. Nikaliweka mezani karibu na dirisha la magharibi ili mgeni akiingia tu amwone. Asubuhi pale pana kivuli safi kabisa. Ijumaa moja nimeenda kuswali, nikapitia kwa fundi simu, nimerudi kwenye saa tisa hivi jua limeshahama, limeingia dirisha zima linapiga kwenye kioo. Nyoka kanyooka kwenye kona kama kamba, mdomo wazi, maji ya bakuli lake ukitia kidole ni ya kuogeshea mtoto mchanga. Nikamtoa nikamlaza kwenye sakafu ya saruji kivulini, lakini wapi, magharibi hakuifikia.

Nyoka hatengenezi joto lake kama sisi. Akitaka kupata joto anaenda penye joto, akizidiwa anaondoka anaingia shimoni au chini ya gogo, maisha yake yote ni kuhama hama hivyo. Ukishamfungia kwenye boksi umemnyang'anya huko kuhama, kwa hiyo ni juu yako kumwachia sehemu mbili, yenye joto na yenye ubaridi, ndani ya boksi hilo hilo. Kwa nyoka wengi wa maeneo yetu upande wa joto uwe kama nyuzi 29 hadi 32, upande wa baridi 24 hadi 26. Ikipita 35 boksi zima na hana pa kukimbilia, hesabu masaa tu. Sasa angalia, Mtwara mjini kwenye kaskazi, Desemba mpaka Machi, chumba chenyewe tu kinafika 31 bila kuwasha kitu. Upande wa joto tayari unao bure, kinachokosekana ni ule wa baridi. Ndo maana nasema huku pwani nyumba ya nyoka inajengwa kwanza ipoe, pili ifunge, habari ya hita baadaye kabisa.

Kabla ya seremala

Kuna jambo la karatasi, na usiliruke. Mnyamapori Tanzania ni mali ya umma chini ya serikali, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 haikuruhusu kumkamata wala kukaa naye bila kibali, nyoka naye yumo. Kwa hiyo usije ukamwokota chini ya mkorosho ukasema nimepata wa kufuga. Anza na afisa wanyamapori wa halmashauri yako, mweleze unataka kufuga nyoka gani, wangapi, utawatoa wapi, yeye atakuelekeza njia ya TAWA, ile Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Atakuuliza pia utawaweka wapi, na hapo ukiwa na mchoro wa boksi mkononi unaonekana mtu mwenye akili zako. Chatu ana la ziada, yumo kwenye orodha ya pili ya mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, usicheze naye.

Kifutu, swila, koboko, hao sina maelekezo yao. Nyumba ya nyoka mwenye sumu kali ni kazi ya bustani za wanyama zenye watu waliofundishwa, dawa ya sumu na hospitali inayojua mpo. Kama hamu yako ni kuonyesha watu kwamba unalala na kifutu chumba kimoja, hapa umepotea njia.

Ninaowazungumzia zaidi ni wale nyoka wa kahawia wanaokaa majumbani na kwenye mapaa ya makuti, wana mistari miwili ya rangi ya maziwa inapita pembeni ya jicho, hawana sumu, kazi yao usiku ni panya na mijusi. Dume haliendi mbali, sentimita 60 hivi, jike linafika 90 na zaidi. Huyo ndo wa kuanzia. Chatu nitamgusa mwishoni maana nyumba yake siyo boksi tena.

Weka wapi

Tafuta chumba chenye dari. Bati tupu bila dari mchana ni jiko, na kabati likikaa juu juu karibu na bati ndo kabisa. Nyumba ya makuti inapoa vizuri sana, kusema ukweli kwa nyoka ndo nyumba bora kuliko zetu hizi za kisasa, shida yake ni kwamba akitoroka ndani ya makuti umeshampa uhuru, humpati. Ukuta wa magharibi uukwepe, ule unakunywa jua la jioni unalitema mpaka saa nne usiku. Mi sasa hivi boksi liko ukuta wa ndani, unaotenganisha sebule na korido, jua haliuoni ukuta huo toka nyumba ijengwe.

Kimo cha kiuno au kifua. Ukiliweka chini sakafuni kila anayepita ni jitu linamjia juu ya kichwa, atakuwa na hofu muda wote na atakung'ata bila sababu. Usimweke kwenye kabati moja na sabufa, nyoka anausikia mtikisiko kwa mwili mzima, jirani akipiga kigodoro inatosha, na wewe usimwongezee. Moshi wa mkaa mbali. Udi wa mbu na dawa za mbu za kupuliza mbali kabisa, zile zinazoua mbu zinamdhuru na yeye, chumba cha nyoka tumia chandarua, pulizia vyumba vingine.

Boksi lenyewe

Kwa jike la sentimita 90, urefu wa boksi 90, upana 45, kimo 45. Kanuni ninayoifuata mimi ni kwamba nyoka aweze kunyooka karibu urefu wake wote. Kuna wanaosema nyoka anapenda pembamba, ni kweli anapenda kujificha pembamba, lakini hiyo ni kazi ya maficho ndani ya boksi, siyo boksi lenyewe liwe kama jeneza.

Plaiwudi ya milimita 12 inatosha, 18 kama hela ipo. Mbao inashinda kioo kwa hali yetu kwa sababu haishiki joto haraka na pande tano kati ya sita zinakuwa giza, nyoka anatulia. Kioo kiwe mbele tu. Mwambie fundi asitumie mbao iliyochovywa dawa ya mchwa, najua atakushangaa, atakwambia bila dawa haifiki miaka miwili, mwache ashangae. Ukitoka kwa fundi paka vanishi ya maji ndani, mikono miwili mitatu, kona zote piga silikoni, ile inayonuka kama siki ikiwa mbichi. Alafu subiri. Hapa watu wengi wanaharibu, nyoka ameshafika, boksi limepakwa jana, wanamwingiza. Acha wazi upepo upite wiki nzima, ingiza kichwa chako humo uvute pumzi, kama wewe unasikia harufu bado.

Matundu ya hewa ndo injini yenyewe. Usitoboe tu juu ukamaliza. Toboa chini kwenye ubavu wa upande wa baridi, kama sentimita 5 kutoka sakafu ya boksi, na toboa juu kwenye ubavu wa upande wa joto. Hewa ya moto inapanda inatokea juu, ya baridi inaingia chini kuziba nafasi, boksi linapumua lenyewe hata umeme ukikatika. Mi nilitoboa safu mbili za matundu kila upande, drili ya milimita 4. Kwa watoto wa nyoka tumia 3. Kipimo cha haraka: kama penseli inapita, mtoto wa nyoka anapita, kichwa kikipita mwili wote umepita.

Ukitaka dirisha kubwa la wavu badala ya matundu, usiweke waya wa kuku, hata nyoka mkubwa atapitisha pua na kusugua mpaka pua inatoka damu. Weka wavu wa macho madogo wa alminiamu au stenlesi. Ile neti ya chuma ya madirishani inayouzwa kila duka, kwa hewa ya bahari kama Shangani au Mikindani haimalizi mwaka, inaanza kutoa unga mwekundu, siku unaigusa kidole kinapita.

Watoto hawahitaji kabati, kontena la plastiki lenye mfuniko wa klipu linatosha, ujazo kama lita 10. Matundu yake fundi wangu hutoboa kwa msumari uliopashwa kwenye mkaa (yeye anasema nchumali, na mimi naye tumetoka kijiji kimoja kwa hiyo naruhusiwa kucheka). Toboa kutokea ndani kwenda nje ili yale makorokoro ya plastiki iliyoyeyuka yabaki nje, yakibaki ndani yanamkwaruza.

Mlango, na habari ya bibi

Milango ya kioo ya kuslaidi ni mizuri, haichukui nafasi, unafungua kidogo tu, nyoka haanguki nje. Kioo cha milimita 5, reli ya alminiamu ile ya makabati ya duka, kila mji ina fundi wake. Sasa nisikilize vizuri hapa. Vioo viwili vya kuslaidi vinapishana katikati, na pale vinapopishana kuna uwazi wa wima toka chini mpaka juu, upana wake ni unene wa ule ukuta mdogo wa katikati ya reli. Ukiangalia kwa mbele huuoni kabisa. Weka jicho pembeni ndo unaona mwanga umepita. Mi sikuuona, nyoka aliuona usiku wa kwanza.

Asubuhi boksi tupu, kufuli limefungwa vizuri kabisa kama kejeli. Nimetafuta nyuma ya friji, ndani ya viatu, chini ya godoro, hakuna. Siku ya tatu bibi wa nyumba ya pili ananiita kwenye ua. Nikamwambia shikamoo bibi. "Marahaba baba Zuhura, ila shikamoo yako haimtoi nyoka kwenye mchele wangu." Alikuwa amemfunikia beseni stooni, juu ya beseni kaweka jiwe la kusagia. Hakumuua, na mpaka leo sijui kwa nini, watu wengi mtaani kwetu nyoka akionekana ndani kwanza wanauliza nani kamtuma ndo wanatafuta fimbo. Nilipomwinua alikuwa amenona, bibi akasema na panya zake hazionekani siku mbili. Akaniuliza kama nina mwingine. Alikuwa anatania lakini siyo sana.

Dawa ya ule uwazi ni rahisi tu. Kata mpira laini wa milangoni, ule wenye manyoya au sponji, ubandike kwa urefu wote kwenye ukingo wa kioo cha nyuma, ili vioo vikipishana mpira unajaa. Alafu weka kufuli la kabati la kioo, lile la meno, lenye funguo. Kama mlango ni wa bawaba badala ya kuslaidi, weka makomeo mawili, juu na chini, siyo moja katikati, maana komeo moja la katikati linaacha kona ya chini inapinda, nyoka anasukuma kwa kichwa usiku kucha hana kazi nyingine. Na kufuli siyo kwa ajili ya nyoka peke yake, ni kwa ajili ya watoto na shemeji anayetaka kupiga picha.

Akitoroka hata hivyo, funga milango ya vyumba, tia matambara chini ya milango, nyunyiza unga wa sembe utepe mwembamba kwenye vizingiti kabla ya kulala. Asubuhi unga utakwambia kapita wapi. Na waambie majirani siku hiyo hiyo, uso kwa uso, ukiwa umeshika picha yake. Mimi sasa kila jirani anajua sura ya nyoka wangu na anajua nina kibali, mwenyekiti wa mtaa ana nakala yake. Hilo lilinisaidia kuliko kufuli.

Siafu

Sijaona maelekezo ya Ulaya yanayosema siafu, kwao hawapo. Huku mvua zikianza, Novemba Desemba, siafu wanahama, na wakiingia chumbani nyoka aliye huru atakimbia ila wako amefungwa na wewe umemfungia. Wanamla akiwa hai. Miguu ya meza ya boksi isimamishe ndani ya makopo ya maziwa, mimina maji nusu kopo na juu yake oili chafu ya bodaboda, tone kidogo inatanda yenyewe. Usitumie mafuta ya taa, harufu yake inapanda juu kwenye matundu ya hewa. Meza isiguse ukuta, pazia lisiguse meza, waya wa umeme upake grisi kipande cha sentimita 10, siafu wanautumia kama daraja. Makopo yaangalie kila wiki, vumbi likitanda juu ya oili wanatembea juu ya vumbi.

Sakafu, maficho, maji

Rahisi kuliko yote ni magazeti. Unakunja, unatandika, akichafua unatoa unatupa. Kwa nyoka mgeni karantini yake ya miezi miwili mitatu ni magazeti tu, chumba tofauti na wengine, ili uone kinyesi kikoje na kama ana utitiri. Utitiri unauona kwenye bakuli la maji, vidoti vyeusi vimezama kama pilipili manga.

Baada ya hapo sisi tuna mali ambayo wenzetu huko wananunua kwenye mifuko kwa bei ya ajabu, makumbi ya nazi. Chukua makumbi makavu, pondaponda kwenye kinu mpaka yawe nyuzi na unga, chemsha nusu saa, mwaga, suuza, anika juani siku mbili. Angalizo: usichukue yale yaliyokwishalowekwa baharini kwa ajili ya kusuka kamba, yana chumvi. Au kama ndo hayo tu, suuza maji baridi mara tatu mpaka ukionja maji hayana chumvi tena. Tandika unene wa sentimita 4 hivi.

Visivyofaa ni vingi kuliko vinavyofaa. Mchanga wa ufukweni una chumvi na unaingia mdomoni akila. Maranda ya seremala hujui ni ya mti gani, ya msindano yana utomvu unaomsumbua mapafu. Pumba za mpunga zina vumbi na zikilowa zinaota ukungu kesho yake. Na kuna mtu aliniuliza kuhusu maganda ya korosho, maana huku yapo milima kwa milima ya bure. Jamani. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza, muulize mama yeyote aliyebangua korosho kwa mkono akuonyeshe vidole vyake. Nyoka analalia tumbo masaa 24.

Maficho yawe mawili, moja kila upande. Ukiweka moja tu upande wa joto, atachagua kujificha kuliko kupoa, na hilo ndo linawaua wengi kimya kimya. Maficho mazuri yanambana kidogo, mgongo uguse dari. Kwa mtoto, kifuu cha nazi kilichokatwa mlango mdogo ukingoni ni nyumba kamili, piga msasa ukingo usimchane. Mkubwa, chungu cha udongo kilichopasuka mdomo, kigeuze juu chini. Chungu kina faida nyingine, ukikilowesha maji kwa nje saa sita mchana kinapoa kama mtungi, na upande wa baridi unakuwa wa baridi kweli. Tawi moja la mpera, limeanikwa likakauka, lilaze kwa kukingama apande akitaka.

Bakuli la maji liwe zito, la udongo au kauri, pana kiasi cha yeye kujikunja ndani. Maji badilisha kila siku. Liweke upande wa baridi.

Unyevu watu wanahangaika nao sana wakati huku hewa imeshalowa yenyewe. Shida yetu siyo ukavu, ni maji yaliyotuama. Lenga asilimia 50 hadi 60 ndani, kipimo chake kinauzwa pamoja na kipimajoto. Ukiona kioo kina ukungu wa maji asubuhi, ongeza matundu, punguza makumbi. Tumbo likianza madoa ya kahawia au malengelenge, sakafu imelowa mno. Akianza kupumua kwa mdomo, kainua kichwa, mapovu puani, hayo ni mapafu, tafuta daktari wa mifugo siyo dawa ya kienyeji. Wa Newala na Masasi nyie mna habari tofauti, kule juu kiangazi kinakausha, ongezeni bakuli.

Akikaribia kujivua gamba (la kweli, siyo lile la siasa) macho yanakuwa ya bluu bluu kama moshi. Hapo mwekee chombo cha tatu, kontena dogo lenye tundu, ndani makumbi yaliyokamuliwa, yenye unyevu siyo maji. Gamba likitoka vipande vipande badala ya soksi nzima, unyevu ulikosekana siku hizo.

Kusi na salfa

Juni mpaka Agosti kusi likivuma, Mtwara mjini usiku inashuka mpaka kama 19 au 20, na Newala chini ya hapo. Sasa hapo ndo hita ina kazi. Mkeka wa umeme chini ya theluthi moja ya boksi, siyo boksi zima, na thamostati, kile kifaa kinachokata umeme joto likifika kiwango ulichoweka, ni lazima, narudia ni lazima, mkeka bila thamostati unaweza kumuunguza tumbo na yeye haondoki, hana akili ya kuhama haraka akiungua toka chini. Balbu kama unatumia iwe nyuma ya kizuizi cha wavu, nyoka asiiguse. Mawe ya umeme usinunue hata ukipewa. Umeme ukikatika usiku wa baridi, dumu la lita 5 la maji ya moto lililofungwa kanga mbili, ndani ya boksi upande wa joto, linakufikisha alfajiri. Mchana wa kaskazi umeme ukikatika na feni imekufa, kinyume chake, chupa ya maji yaliyoganda ifunge kanga iweke upande wa baridi.

Msimu huo huo ndo mikorosho inapulizwa salfa, dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Unga wa njano unasafiri, kama nyumba iko karibu na shamba utauona kwenye majani ya migomba asubuhi. Nyoka wengi wana pafu moja tu linalofanya kazi na hawana msuli wa kukohoa kama sisi, vumbi likiingia limeingia. Asubuhi ukisikia bomba la mota linanguruma funga madirisha ya upande huo, funika matundu ya boksi na kitambaa cha pamba kilicholoweshwa kikakamuliwa, yapate kupita hewa siyo unga, na mchana futa meza na boksi kwa kitambaa kibichi kabla hujafungua.

Usafi ni kila wiki mabaki, kila mwezi boksi zima. Dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile ya maji yenye klorini, sehemu moja kwa maji kumi, acha dakika kumi, suuza, kausha juani mpaka harufu iishe. Zile dawa za choo ambazo ukitia maji zinakuwa nyeupe kama maziwa usiziguse, zina vitu vinavyomuua. Mikono osha kwa sabuni kila ukimshika au ukigusa boksi, nyoka wanabeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, hata wakiwa wazima, na watoto chini ya miaka mitano wasimshike kabisa. Mabakuli yake yasioshwe kwenye sinki la jikoni. Mke wangu aliniwekea beseni jekundu nje, hilo ndo la nyoka, na nikikosea nalala sebuleni na huyo nyoka.

Chatu

Kwa kifupi. Jike la chatu linapita mita 4, lina nguvu kuliko wewe. Mtoto wake anauzika kwa macho, mzuri kweli, ila miaka mitatu minne kabati halimtoshi. Nyumba yake ni chumba cha tofali, mita 3 kwa 2 kuanzia, sakafu ya saruji iliyolainishwa yenye mteremko na tundu la kutolea maji lenye wavu, dimbwi la kuogea, rafu ya mbao nzito ya kulalia, na milango miwili yenye kichumba katikati ili ukifungua wa ndani wa nje umefungwa. Hafunguliwi na mtu mmoja. Akizidi mita 2 na nusu mnaingia wawili, na akiwa na njaa hamwingii bila koleo la kumlishia. Kama huna mtu wa pili wa kudumu huna nyumba ya chatu.

Kabla hajahamia

Boksi likiisha liache tupu wiki nzima na vipimajoto viwili ndani, kimoja kila upande, sentimita 2 juu ya sakafu siyo kwenye dari. Andika saa nane mchana na saa kumi na moja alfajiri, kila siku. Mchana upande wa baridi ukizidi 30, hamisha boksi au ongeza matundu, rudia wiki. Mimi boksi la sasa lilihama mara mbili kabla halijapata nyoka, mara ya pili nilisogeza mita moja tu na joto likashuka nyuzi 3, tofauti ilikuwa ukuta.

Siku akihamia mwingize jioni, funika mbele kwa kanga, mwache siku saba bila kumshika na bila kumlisha, maji tu. Panya wa kwanza awe mdogo, mnene kama mwili wa nyoka ulivyo katikati siyo zaidi, na awe ameshakufa, panya hai anang'ata. Usimpe wa kuokota mtaani, hujui amekula sumu ya nani. Akimaliza usimguse siku mbili. Asipokula mtoe huyo panya, jaribu tena baada ya wiki, na kabla hujaanza kumlaumu nyoka kasome kwanza vile vipimajoto.